Kabla hujanunua elektrolaiti, panda kwenye mzani

Siku yangu ya kwanza kukimbia kilomita 10 niliamka saa kumi alfajiri nikanywa maji lita moja na nusu, yote, bila kupumzika, kwa sababu kuna kaka mmoja wa joging yetu, yaani klabu yetu ya kukimbia, aliniambia "we kunywa tu, maji hayajawahi kumdhuru mtu." Tukaanzia ufukwe wa Coco, Dar. Kufika juu ya daraja la Tanzanite tumbo linacheza kama dumu lililojaa nusu kwenye keria ya baiskeli, gubu gubu gubu, mkojo nao umenibana na pale darajani sasa unajificha wapi, kila upande bahari. Nikatembea. Wamama wa joging nyingine wakanipita huku wanaimba.

Jumapili iliyofuata nikaja kivingine. Nilikuwa nimenunua kopo la vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vinachemka povu, nikaambiwa hizo ndo elektrolaiti na bila hizo mkimbiaji hatoboi, na hela niliyotoa ningekula supu na chapati wiki nzima. Nikakimbia kilomita 5 nimeshika chupa mkononi kama tochi. Tofauti sikuiona, ila maji yalikuwa na ladha ya chungwa.

Tangu hapo nimekaa na hili jambo muda, nikasoma, nikajipima mwenyewe, nikauliza wanaojua, na nilichokuja kugundua ni kwamba watu tunachanganya maswali mawili yasiyofanana: umepoteza maji kiasi gani, na umepoteza chumvi kiasi gani. Halafu kuna swali la tatu ambalo linayabeba yote mawili na hakuna anayeliuliza, umekaa barabarani muda gani.

Tuanze na hilo jina lenyewe. Elektrolaiti ni jina kubwa la vitu vya kawaida sana, ni chumvichumvi ambazo zikiingia kwenye maji zinageuka chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu, kloraidi, potasiamu, magnesiamu, kalsiamu. Mwili unazitumia kupitisha taarifa kwenye neva, kukaza na kulegeza misuli, na kuamua maji yakae ndani ya seli au nje yake. Sasa kwenye jasho, kinachotoka kwa wingi ni sodiamu na kloraidi, ambayo ukiziweka pamoja ni chumvi ileile ya jikoni kwako, potasiamu inatoka kidogo, magnesiamu na kalsiamu ni kidogo zaidi. Ndo maana jasho likikuingia mdomoni ni la chumvi, na ndo maana tisheti nyeusi ikikauka mgongoni inabaki na ramani nyeupe. Kwa hiyo ukiona bidhaa imeandikwa kwa herufi kubwa magnesiamu na vitamini kumi na mbili halafu sodiamu yake haionekani vizuri, hiyo umelipia lebo.

Kiasi kinachotoka ndo kinatofautiana mno. Lita moja ya jasho la mtu mmoja inaweza kuwa na sodiamu miligramu 200, la jirani yake wanayekimbia naye bega kwa bega likawa na 2,000, wengi wako hapo katikati kwenye kama 1,000, ambayo ni karibu nusu kijiko cha chai cha chumvi. Hii ni ya kuzaliwa nayo kwa sehemu kubwa. Ila mazoezi nayo yanabadilisha, mtu akikaa kwenye joto wiki moja mpaka mbili huku anakimbia mwili unajifunza, anaanza kutoka jasho mapema zaidi na jingi zaidi lakini chumvi yake inapungua kwa sababu mwili unaanza kuirudisha kabla haijafika juu ya ngozi. Ndo maana mgeni kutoka Iringa au Arusha akija kukimbia Dar siku ya pili tu anasema mji huu una mkosi, kumbe mwili bado haujaelewa uko wapi.

Na Dar yenyewe ina lake. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka, likigeuka mvuke linaondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kama yetu hapa Januari au Machi jasho halikauki, linachuruzika tu na kudondoka chini, yaani umetoa maji, umetoa chumvi, na ubaridi hujaupata. Mwili unaona bado joto liko palepale unaongeza jasho lingine. Kwa hiyo mtu akikuletea ushauri wa kunywa ulioandikwa na mtu anayekimbia kwenye nyuzi 12 huko Ulaya, mshukuru, halafu kajipime mwenyewe.

Kujipima ni rahisi mpaka inachekesha, unahitaji mzani tu, hata ule wa bafuni wa bei chee ilimradi unasoma nukta. Asubuhi kabla hujatoka, nenda haja ndogo, vua nguo, panda mzani, andika. Kimbia. Pima maji unayokunywa njiani, chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuwa kipimo. Ukirudi jifute jasho kwa taulo, vua nguo tena (muhimu, maana tisheti yenyewe imekunywa jasho na ukiivaa inadanganya), panda mzani kabla hujala wala kunywa. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji.

Mimi Jumapili moja nilitoka nikiwa na kilo 78.4, nikarudi na 77.3, njiani nilikunywa nusu lita. Kwa hiyo nilishuka kilo 1.1, ongeza ile nusu lita niliyokunywa ikatoka kama jasho, jumla lita 1.6 kwa saa moja na dakika kumi. Karibu lita 1.4 kwa saa! Nilipoenda kwa shangazi Lushoto nikarudia vilevile, asubuhi ya ukungu, mwendo uleule, nikapata lita 0.7 kwa saa. Mtu mmoja, miguu ileile, nusu kwa nusu. Baada ya hapo mtu akiniambia "mkimbiaji anatakiwa anywe lita fulani kwa saa" namwangalia tu.

Sasa ile 1.1 kwenye 78.4 ni kama asilimia 1.4 ya uzito. Wataalamu wa michezo kwa miaka mingi wanatumia asilimia 2 kama mstari, kwamba ukishuka zaidi ya hapo hasa kwenye joto ndo mwendo unaanza kuharibika, moyo unadunda kwa kasi zaidi kwa kazi ileile. Siyo mstari wa kufa na kupona, Haile Gebrselassie alishinda marathoni ya Dubai 2009 uzito wake ukiwa umeshuka karibu asilimia 10, lakini yule ni Haile na mimi na wewe tunakimbia ili tuwahi kanisani. Ninachotaka uone hapo ni kwamba mimi kwenye joto la Dar, saa moja na ushee, na nusu lita tu njiani, bado sikufika hata asilimia 2. Maana yake kwa mtu anayeanza, anayekimbia kilomita 5 au 8 chini ya saa moja, maji aliyokunywa jana na leo asubuhi yanamtosha, akihisi kiu apige mafunda mawili, amemaliza. Elektrolaiti kwa kilomita 5 ni mapambo. Chumvi uliyopoteza ipo kwenye chai na chapati ya saa mbili.

Asubuhi kabla ya kukimbia usifanye nilichofanya mimi. Kama una masaa mengi, kipimo kinachotumika ni mililita 5 mpaka 7 kwa kila kilo yako kama masaa manne kabla, mtu wa kilo 70 hiyo ni kati ya 350 na 490, yaani glasi mbili hivi. Lakini nani anaamka saa nane usiku kunywa maji ili akimbie saa kumi na mbili? Kunywa vizuri usiku na chakula, asubuhi glasi moja, inatosha. Angalia mkojo, ukiwa rangi ya ukwaju umechelewa kunywa tangu jana, ukiwa kama maji yaliyokamuliwa ndimu uko sawa. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba kila ukienda, mchana kutwa, hiyo siyo sifa, unazidisha tu. (Na kama umekunywa vidonge vya vitamini B usishangae ukitoka njano inayong'aa, hiyo ni vitamini inapita.)

Hapo kwenye kuzidisha ndo nataka tukae, kwa sababu ndo sehemu ambayo watu hawaamini. Maji yanaweza kukulaza hospitali. Ukinywa kuliko unavyotoa, sodiamu kwenye damu inakuwa nyepesi, kawaida iko kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, ikishuka chini ya 135 madaktari wanaita haiponatremia. Maji yanaanza kuhama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, seli zinavimba, na seli za ubongo hazina pa kuvimbia kwa sababu zimezungukwa na fuvu. Kwanza kichwa kinauma, kichefuchefu, tumbo limejaa, vidole vinavimba mpaka pete inabana, halafu mtu anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, ikizidi ni degedege na kupoteza fahamu.

Utasema figo si zipo zitakojoa? Kwa kawaida ndiyo. Lakini ukiwa unakimbia muda mrefu mwili uko kwenye msukosuko, unatoa ile homoni inayoziambia figo zishike maji zisiyaachie, kwa hiyo unayoyaongeza yanakaa. Na anayeathirika zaidi siyo bingwa. Alphonce Simbu wetu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025 alitumia saa 2 na dakika 9, anapita kwenye meza ya maji kwa kasi ambayo akimeza mafunda matatu ana bahati. Wewe marathoni yako ya kwanza utakaa barabarani saa tano, jasho lako kwa saa ni dogo kuliko lake kwa sababu mwendo ni wa pole, na kila meza unasimama, vijana wanakupa vikombe viwili, "kunywa bro kunywa", unakunywa na cha adabu. Mwaka 2002 kule Boston walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na mwaka huohuo mwanamke mmoja wa miaka 28 alifariki kwenye mbio hizohizo kwa tatizo hilo. Walipochambua, dalili kubwa ilikuwa moja: waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Fikiria hilo, umekimbia kilomita 42 na umeongezeka kilo.

Ushauri wa zamani ndo ulituponza. Mwaka 1996 chama cha madaktari wa michezo cha Marekani kilikuwa kinawaambia watu wanywe kadiri wanavyoweza kuvumilia, hadi lita 1.2 kwa saa, mwaka 2007 wakabadilisha, wakasema kila mtu ajipime, asishuke sana na asiongezeke uzito. Lakini ule wa kwanza ndo ulioshika vichwani, mpaka leo mwenye joging anakupigia kelele unywe. Na hapa ongeza tabia yetu nyingine mbaya, watu kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio ili magoti yasiume. Dawa hizo zinabana kazi ya figo wakati ambapo figo tayari zina kazi, acha, kama goti linauma kiasi cha kuhitaji dawa ndo ukimbie, goti limeshakujibu.

Kuna kosa linalofuata: mtu ameanguka kwenye mstari wa kumalizia, amechanganyikiwa, watu wanamwagia maji na kumlazimisha anywe. Kama amepungukiwa maji utamsaidia, kama amezidiwa na maji unamwongezea ugonjwa. Mtu aliyechanganyikiwa ni wa kupelekwa kwenye hema la madaktari, siyo wa kunyweshwa, na kama ngozi inawaka moto hiyo inaweza kuwa joto limempiga, apozwe kwa maji juu ya mwili wakati anapelekwa.

Basi elektrolaiti zina kazi lini? Ukivuka saa moja na nusu, hasa joto likiwepo, na hasa kama wewe ni wa ile ramani nyeupe mgongoni. Hapo maji matupu yanaanza kutotosha, sukari kidogo inakupa nguvu na chumvi kidogo inafanya maji yaingie na yakae. Kuna ufundi mzuri hapo, kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijimlango vinavyopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, kimoja kikija peke yake mlango haufunguki vizuri, vikija viwili vinapita na maji yanafuata nyuma. Ndo akili ileile iliyo ndani ya pakti ya ORS ambayo kila nyumba yenye mtoto inaijua. Ila zingatia vipimo, ile pakti ya lita moja kwa fomula ya WHO ya 2002 ina chumvi gramu 2.6, glukosi 13.5, potasiamu kloraidi 1.5 na sitreti 2.9, imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeharisha, sodiamu yake ni kama mara tatu au nne ya kinywaji cha wanamichezo. Siyo sumu kwa mkimbiaji, baada ya mbio ndefu za kutoka jasho la kulowa mimi huwa nainywa, ila kama kinywaji cha njiani ina chumvi kali na nguvu ndogo. Kinywaji cha wanamichezo kiko kinyume, sodiamu miligramu 400 na kitu kwa lita na sukari kama gramu 60. Soda ina sukari gramu 100 na ushee kwa lita na sodiamu karibu hakuna, nzito, inakaa tumboni unapiga mbio nayo. Enaji drinki ni vilevile pamoja na kafeini, hiyo ni ya dereva wa lori.

Nyumbani nachanganya hivi: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, na siyo cha kulundika, kipangusie kwa kisu kiwe sawa, kisha ndimu moja. Ionje. Ikiwa na chumvi kuliko machozi umekosea, mwaga uanze upya. Hii inakaribia kabisa vya dukani na haifiki buku. Ijaribu kwenye mazoezi, si asubuhi ya mashindano, tumbo nalo linahitaji kuzoeshwa. Mwenye presha, matatizo ya figo au kisukari asianze kujiongezea chumvi na sukari kwa kusoma mtandaoni, akamuulize daktari wake.

Madafu? Watu wanaapa kwa madafu na mimi nayapenda, lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, yaani kinyume cha jasho. Ndizi ni hivyohivyo. Kunywa dafu lako pale Coco kwa raha zako, ukilisindikiza na mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili umeshapata jibu zima bila kujua.

Na msuli kukaza nao tuuseme, maana ndo sababu watu wengi wananunua hivyo vidonge. Hadithi ni kwamba msuli unakaza kwa kukosa chumvi. Ingekuwa hivyo ungekaza mwili mzima, mbona unakaza kigimbi tu, tena ule uliofanya kazi? Ushahidi mwingi sasa unaelekea kwenye uchovu, msuli umechoka na neva zinazouamrisha zinachanganya amri, ndo maana unakukamata kilomita za mwisho au siku ulipoanza kwa kasi isiyo yako. Kuunyoosha taratibu unaachia dakika hiyohiyo, na hakuna chumvi iliyoingia hapo. Kuna wanaotoka jasho la chumvi sana ambao wakiongeza chumvi wanaona nafuu, sibishi, ila kabla ya kununua kopo punguza kwanza mwendo.

Baada ya kukimbia ukitaka kurudisha haraka kwa sababu jioni unakimbia tena, hesabu ni lita moja na nusu kwa kila kilo uliyoshuka, kidogo kidogo, pamoja na kitu cha chumvi, la sivyo utayakojoa yote. Kama unakimbia tena keshokutwa wala usihangaike. Pale tunapomalizia kuna mama anauza supu ya mbuzi, anaweka bakuli, chapati mbili, kisahani cha ndimu na pilipili, na chumvi iko kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu juu, unajinyunyizia mwenyewe. Yule kaka aliyenishauri lita moja na nusu bado anakuja, sasa hivi anatembea na chupa ya lita mbili yenye mistari ya masaa. Jumapili iliyopita mimi nilishuka kilo 0.9, nikapiga supu, dafu moja, na maji mpaka kiu ikakata. Jumatatu asubuhi nikapanda mzani, 78.3.